Maji Yamekupwa Kilambo: Nyimbo Kumi na Picha Zake, Tukianzia Mkiani

Ubishi huu ulizaliwa Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma, miaka kadhaa kabla ya mapigano kuzuka ng'ambo, Msumbiji, mwaka 2017, enzi ambazo mtu wa Mtwara alivuka kwenda harusini Palma kama anayekwenda Mikindani kununua samaki. Tulifika saa mbili asubuhi na mashati yetu ya pasi. Mwenye boti akatutazama sisi, akautazama mto, akatamka neno moja tu: "Yamekupwa." Mto wote ulikuwa michanga mitupu, na mbele kidogo viboko wawili waliojilaza kama wazee wa baraza. Mpaka maji yajae, ni kusubiri saa sita nzima. Nilikuwa na mfuko wa ming'oko ya kuchemsha, na nilikuwa na shemeji.

Shemeji, kaka wa mke wangu, aliwahi kuendesha kibanda cha video pale Chikongola, zama za deki na jenereta. Kwa sababu hiyo anajihesabu profesa wa sinema. Kabla sijamenya hata mng'oko mmoja akaanza: "Shemeji, wimbo gani ukiusikia tu, macho umefumba, picha yake inakujia?"

Tukaweka masharti. La kwanza lilikuwa lake: Titanic haitajwi. Mtu anayesubiri boti kwenye mto wenye mamba hazungumzii meli zilizozama. La pili lilikuwa langu: video za muziki hazimo, lazima kuwe na hadithi yenye stelingi na adui. La tatu tulikubaliana: filamu tulizoziona kwa kanda zilizotafsiriwa na Lufufu zinahesabika, hata kama sauti ya Lufufu ilimeza nusu ya muziki.

Tangu siku hiyo orodha imefanyiwa ukarabati kila tunapokutana, msibani au harusini. Hii ndiyo ilivyo leo. Shemeji haikubali.

10. Watoto wa tembo, Hatari! (1962)

Howard Hawks alimleta John Wayne Arusha kukimbiza faru na twiga kwa ajili ya mabustani ya wanyama. Katikati ya rabsha zote hizo, Elsa Martinelli anawapeleka watoto wa tembo kuoga. Hakuna kinachotokea. Hakuna anayekufa. Mtunzi Henry Mancini aliitazama picha ile mara kadhaa, akagundua kuwa vile vitoto vinatembea kwa mapigo ya bugi, akavitungia "Baby Elephant Walk" kwa kinanda cha sarakasi na klarineti inayochechemea. Watu wengi duniani wanaujua wimbo huo na hawajui kwamba umezaliwa na tembo wa Tanganyika.

Mimi niliutaka nafasi ya tano. Shemeji akaukokota hadi mkiani. "Huyo mtunzi hajawahi kulima," akasema. Kwetu kusini tembo akiingia shambani hapigiwi klarineti, anapigiwa madebe, na anayepiga hachechemei.

9. Kuchele, The Lion King (1994)

Mtwara tuna neno letu, kuchele, kumekucha. Hakuna filamu iliyolitafsiri vizuri kuliko hii: jua linatoka, sauti ya Lebo M inapasua kiza, wanyama wote wanaamka. Hata ukiwa kibandani na kipaza sauti kimoja kimepasuka, unasimama mwenyewe.

Malalamiko yangu ni ya lugha. Simba ni jina letu. Rafiki ni jina letu. Hakuna matata ni letu, ingawa mtu wa Mtwara akikusikia unalisema atajua umeshuka na ndege. Lakini ulipofika wakati wa kuimba, Kizulu ndicho kilichopewa kipaza sauti, sisi tukaachiwa yule nyani anayeshukuru kwa Kiswahili halafu anachanganya maboga na ndizi. Na nyani mwenyewe, kwa ule uso wa rangi, kwao ni Gabon na Kamerun. Hata utani wetu wamempa mgeni autanie.

8. Vichwa ndani ya gari, Wayne's World (1992)

Vijana watano ndani ya gari dogo, kanda inaingia, "Bohemian Rhapsody" inaanza taratibu, halafu gitaa linafika na vichwa vyote vinayumba kwa pamoja. Wimbo ulikuwa wa 1975. Filamu hii iliurudisha kwenye chati za Marekani hadi nafasi ya pili, miezi michache tu baada ya mwimbaji wake kufariki.

Na mwimbaji ni wa kwetu. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 1946, ambaye Wazungu walimjua kwa jina la Freddie Mercury. Wataalamu wamebishana miaka mingi kuhusu bismillahi iliyomo ndani ya wimbo ule. Sijui kwa nini hawakumuuliza mtoto yeyote wa Unguja.

Shemeji anasema tukio hilo halina ajabu: Hiace ya Mikindani ina watu ishirini na kitu, vichwa vyao vinayumba kutoka Mtwara mjini mpaka mwisho wa safari, na redio imezimwa.

7. Kinanda cha Bongo, filamu zote

Ndiyo, zote. Hapa hatukutaja filamu moja kwa sababu kinanda kilikuwa kimoja. Zama za kina Kanumba, Ray na Johari, gari lilifika getini, geti likafunguliwa, gari likaingia, stelingi akashuka, akafunga mlango, akatembea, akapanda ngazi, akakaa sebuleni, na muda wote huo kinanda kinalia. Kinanda hicho hicho kilirudi hospitalini. Kilirudi makaburini. Kwenye fumanizi kilirudi kwa sauti ya juu zaidi.

Lakini jaribu leo kuwasha kinanda kile kwenye nyumba yoyote Tanzania. Kabla noti ya nne haijalia, mama mmoja jikoni atasema, "Huyo amefumaniwa." Kwa kigezo cha swali la shemeji, wimbo na picha vimeoana bila hata mahari. Nafasi ya saba, wala msilalamike.

6. Gitaa linaloua, Disco Dancer (1982)

Sasa tumeingia kwenye eneo la kitaaluma la shemeji, maana yeye na umeme wana historia.

Kama hukuwahi kuiona, keti. Mithun Chakraborty ni Jimmy, kijana maskini anayegeuka mfalme wa disko. Maadui wanaunganisha gitaa lake na umeme. Mama yake anagundua, anakimbia, analishika yeye kabla ya mwanawe, anakufa. Tangu hapo Jimmy akiliona gitaa anatetemeka. Jukwaani, umati unazomea, na msichana anaanza kumwita kwa jina, "Jimmy Jimmy", kwa muziki wa Bappi Lahiri, akimbembeleza aimbe. Anashindwa. Mpaka Rajesh Khanna, aliyekuja filamuni kama mgeni mwalikwa tu, apande jukwaani, amtie moyo. Ndipo Jimmy anaimba.

Niseme ukweli: kama hadithi, ni upuuzi wa daraja la kwanza. Lakini angalia ujanja wake. Filamu za muziki kwa kawaida huutumia wimbo kama dawa. Hii inaufanya wimbo uwe kile kile kilichomuua mama, halafu inamtaka mtoto aushike tena. Kibandani Chikongola watu walipiga kelele Jimmy asiliguse gitaa, na watu hao hao wakati huo huo walipiga kelele alipige. Ndani ya kichwa kimoja.

Siku moja, katikati ya "Jimmy Jimmy", jenereta la shemeji lilikohoa. Akaenda nyuma kulitazama kwa mikono yenye jasho. Lilimrusha hadi kwenye gunia la korosho. Alipoingia ndani anatetemeka, nywele zimesimama, kibanda kizima kikaanza kumwimbia kwa jina lake badala ya Jimmy. Anadai alicheka. Mimi nilikuwepo, hakucheka.

5. Wimbo wa kanisani, The African Queen (1951)

Hii imepata nafasi ya tano kwa hasira.

Tukio ni la kwetu, kwa maana ya ramani: Septemba 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani, nchi hii hii yenye Boma la Mikindani. (Walipigia picha Kongo na Uganda, lakini hiyo ni kawaida, kusini hatufikiwi.) Filamu inafunguka kanisani. Robert Morley anaongoza wimbo wa dini, Katharine Hepburn anatoa jasho akipiga kinanda, na waumini Waafrika wanatoa sauti kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Nje, Humphrey Bogart anafika na kiboti chake, king'ora kinalia juu ya wimbo. Anatupa kipande cha sigara, waumini wanakigombania.

Kwa ufundi, John Huston alifanya kazi safi: kwa dakika chache, bila maelezo, umeshajua mmisionari hana mtu, dada yake amechoka, na yule mlevi wa botini ndiye atakayeishinda ibada. King'ora kinajua mwisho wa hadithi kabla ya mhubiri.

Ila kwaya ni uongo. Misheni ya Waanglikana ilifika Masasi 1876. Wabenediktini wakaja Ndanda 1906. Ukitaka kujua kama watu wa kusini wanaweza kushika sauti nne, nenda Jumapili yoyote, simama hata nje ya dirisha. Huston angekuja Masasi angelazimika kuitupa filamu yake, maana Bogart angezima injini asikilize.

Nilipokuwa nikisema haya kwa jazba, mwenye boti wetu aliwasha mashine kuijaribu. Ikapiga makelele, ikanifunika. Shemeji akasema, "Unaona? Huston alijua."

Saa tano hivi. Maji yalikuwa yameanza kulamba mchanga. Ng'ambo tuliiona Msumbiji, imetulia, miti ile ile. Nikamwambia shemeji kuna filamu moja ambayo ingestahili kukaa humu: Mueda, Memória e Massacre ya Ruy Guerra, ya 1979, filamu ya hadithi ya kwanza ya Msumbiji huru. Ni mauaji ya Mueda ya Juni 16, 1960, Wareno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika, na waigizaji ni watu wa Mueda wenyewe, mahali pale pale palipotokea. Wamakonde hao ni ndugu zetu, mto tu umepita katikati. Shemeji akauliza, "Wimbo wake ni upi?" Nikasema hiyo siyo filamu ya kuwekwa kwenye mashindano. Akakubali. Tulimenya ming'oko kidogo bila kusema kitu.

4. Juu ya treni, Dil Se (1998)

Shemeji akafufuka kwa kelele. "Chaiyya Chaiyya!" Viboko wakageuka.

Mani Ratnam, muziki wa A. R. Rahman, Sukhwinder Singh na Sapna Awasthi wanaimba, Shah Rukh Khan na Malaika Arora wanacheza juu ya paa la treni inayopanda milima ya Nilgiri. Na treni inakwenda kweli. Siyo ukuta wa kijani nyuma yao wala kompyuta. Farah Khan aliwapanga wachezaji juu ya mabehewa kama mtu anayepanga chupa za soda kwenye mkokoteni, na hakuna aliyemwagika. Utamu wake ni kwamba mapigo ya wimbo na mapigo ya magurudumu yanakuwa kitu kimoja, hujui ngoma inaishia wapi na reli inaanzia wapi. Spike Lee aliupenda mpaka akafungulia nao filamu yake Inside Man, mwaka 2006, New York, bila treni na bila maelezo.

Kwa nini basi ni ya nne na si ya kwanza? Kwa sababu inatuuma. Mtwara tulikuwa na treni. Waingereza walipopata kichaa cha karanga baada ya Vita vya Pili, walitujengea bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikustawi. Mapema miaka ya 1960 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa. Ndiyo maana mtoto wa Mtwara aliyeiona Dil Se kibandani aliwauliza wakubwa maswali mawili: Malaika Arora anaolewa lini, na treni yetu iko wapi. Yote mawili hayakupata jibu.

3. Mwajuma anaimba, Vuta N'kuvute (2021)

Hii iliingia orodhani baadaye, ikamsukuma nje kijana wa Kampala aitwaye Young Cardamom, ambaye rapu yake imo katika Queen of Katwe (2016), filamu ya mama yake, Mira Nair. Shemeji alimpigania sana mpaka tukasikia kuwa kijana huyo, Zohran Mamdani, amechaguliwa meya wa New York. "Basi atoke," akasema. "Meya haombi nafasi ya tatu Mtwara."

Amil Shivji aliichukua riwaya ya Adam Shafi ambayo nusu yetu tuliisoma, akaipeleka hadi tamasha la Toronto. Unguja ya miaka ya 1950: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, anakimbia ndoa na kwenda kwa rafiki yake Mwajuma. Na Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu kwelikweli, siyo mtu anayefungua mdomo huku sauti inatoka kwingine.

Hilo ndilo ninalolipenda. Kwa miaka mingi taarabu katika filamu ilikuwa pambo, kama kahawa na kanzu, ili mtazamaji wa mbali ajue amefika Zanzibar. Hapa sauti ina kazi. Mji umejaa vikaratasi vya siri na askari wa mkoloni, kila mtu anasema nusu ya anachokijua. Na taarabu ni sanaa ya kusema nusu. Anayeambiwa anajua ni yeye, asiyeambiwa anapiga makofi tu. Ukisikia muziki ule huku Yasmin anatazama, unaelewa kuwa anajifunza siasa bila kuhudhuria mkutano hata mmoja.

Shemeji ana pingamizi la kihistoria. Anasema taarabu yenyewe ilikwenda shule Bombay. Kuna ukweli: Juma Bhalo wa Mombasa alijaza ukumbi kwa maneno ya Kiswahili juu ya tuni za filamu za Kihindi, na mashabiki wakalia machozi bila kuuliza hati miliki. Kwa hiyo binti wa Kihindi anayekimbilia kwenye taarabu, kwa hesabu ya shemeji, amerudi tu nyumbani kwa mlango wa nyuma.

2. Taa zinazimwa, Sholay (1975)

Hapa nusura undugu uvunjike.

Kutoka filamu hii shemeji anataka "Yeh Dosti": Dharmendra na Amitabh Bachchan juu ya pikipiki yenye kikapu pembeni, wanaimbiana urafiki, Kishore Kumar na Manna Dey wakiwapa sauti. Anasema kila bodaboda wa Mtwara aliyebeba rafiki bila nauli ni mtoto wa wimbo huo. Kweli. Nampa nusu ya nafasi.

Nusu yangu haina hata neno moja. Ni magharibi, kijijini. Jai, yaani Amitabh, mwizi aliyekodiwa kupambana na Gabbar Singh, amekaa nje anapuliza kinanda cha mdomo. Ng'ambo ya ua, kwenye veranda ya nyumba kubwa, Radha anapita taa moja baada ya nyingine, anazizima. Jaya Bhaduri, amevaa nyeupe, maana ni mjane, na kwa desturi ya pale mjane ni mtu aliyekwisha kuzimwa yeye mwenyewe. Hawasemezani. Muziki ni wa R. D. Burman. Inasimuliwa kuwa wapiga picha walitumia siku zipatazo 20 kwa tukio hilo, kwa sababu waliutaka ule mwanga wa dakika chache tu, jua limezama na giza halijafika. Kila jioni wanabahatisha kidogo, wanafunga mashine, wanasubiri kesho. Watu wa Kilambo tungewaelewa.

Kinachonikaa rohoni ni kwamba kinanda kile kinajua. Jai hajasema anampenda, Radha hajasema anasikia, mkwewe hajui, kijiji hakijui. Kinanda kimeshasema yote na kimeshajua hakutakuwa na harusi. Jai anakufa mwishoni, na Radha anafunga dirisha.

Jambo hilo lilileta matatizo Chikongola. Sheria ya kibanda ilikuwa moja duniani kote: stelingi hafi. Jai alipokufa, mtu mmoja alisimama akadai arudishiwe hela yake. Wa pili akamuunga mkono. Shemeji akajitetea kwamba wapo mastelingi wawili, mmoja amebaki, kwa hiyo atarudisha nusu. Wakamjibu nusu hiyo waliyolipia ndiyo iliyokufa. Siku ya tatu yake alipoionyesha tena, akaikatiza mapema, Jai akiwa bado mzima, na watu wa Chikongola wakatoka wamefurahi. Mpaka leo kuna wazee pale wanaoamini Amitabh alimuoa yule mjane. Ukweli ni kwamba alimuoa kweli, miaka miwili kabla ya filamu kutoka, lakini hiyo ni habari nyingine.

1. Wembe na ngoma, The Color Purple (1985)

Maji yalijaa saa nane. Namba moja niliisimulia tukiwa ndani ya boti, mahali ambapo shemeji hawezi kunyanyuka akaondoka.

Steven Spielberg filamu zake karibu zote anampa John Williams azitungie muziki. Hii alimpa Quincy Jones, na Quincy akawa na watu kama Caiphus Semenya wa Afrika Kusini kando yake. Kiswahili nacho kilikwishapiga hodi nyumbani kwake: ana binti aitwaye Kidada, na ndani ya filamu kuna wimbo wa watoto wa kupigiana makofi uitwao "Makidada". Filamu ilipendekezwa kwa tuzo 11 za Oscar. Haikupata hata moja.

Tukio lenyewe. Celie, ambaye ni Whoopi Goldberg, amepigwa na kudhalilishwa na mumewe kwa miaka. Leo mume, Danny Glover, amekaa kibarazani, kidevu juu, anataka kunyolewa. Wembe uko mkononi mwa Celie. Wakati huo huo tunaonyeshwa Afrika, sehemu iliyopigwa picha Kenya, ambako mtoto aliyeporwa Celie amekuwa kijana na vijana wanachanjwa nyuso kwenye sherehe ya kimila. Ngoma zinaanza kule Afrika. Lakini zinasikika na huku kibarazani. Wembe mmoja unakaribia shavu la mtoto, wembe mwingine unakaribia koo la mume. Shug, rafiki yake Celie, anahisi kitu, anakimbia kuvuka shamba, na miguu yake nayo imeingia kwenye mapigo. Nyuso, chuma, vumbi, ngoma. Hujui damu itatoka upande gani kwanza, na ngoma inajua lakini haisemi. Shug anaushika mkono kwa wakati. Kule, wembe unashuka.

Niliiona mara ya kwanza kwa deki ya shemeji, nyumbani, siku ambayo bibi yangu mzaa mama alikuwa ameshuka kutoka Newala. Bibi alikuwa Mmakonde wa zamani: nembo mashavuni na kwenye paji, na mdomo wa juu una tundu lililowahi kubeba ndonya. Kiingereza hakujua, Lufufu hakuwa ameitafsiri filamu hiyo, na kwa saa nzima bibi alikuwa anasinzia mkekani. Ngoma zilipoanza akafumbua macho. Wembe ulipogusa shavu la mtoto akakaa wima.

"Huyo fundi hana masizi," akasema.

Tukamtazama. Akatueleza kama mtu anayewaeleza wapumbavu: ukichanja lazima usugue masizi kwenye kidonda, ndipo nembo ikae nyeusi. Huyu anachanja tu. Chale hiyo itafifia. Na mtoto hashikwi hivyo, shingo inatakiwa iegemezwe. Na kwa nini mwanamke yule wa kule anamnyoa mwanamume huku amekasirika?

Shemeji akasimamisha kanda, akauliza kwa heshima, "Na ngoma je, bibi? Nayo wameikosea?"

Bibi hakujibu mara moja. Vidole vyake vilikuwa bado vinagonga mkeka.

"Ngoma hawakukosea," akasema. "Rudisha nyuma."